Jibu la Posa Kutoka Kambi ya Panya

Kambini, milima ya Udzungwa

Mama Rajabu, mke wangu,

Asalaam aleikum. Vaa miwani kwanza ndipo usome. Ile yako ya kwenye kopo la biskuti, siyo ya kuazima. Umevaa? Haya. Nakusalimu wewe, nausalimu na mguu wako unaovimba ukikaa sana, nakisalimu na kifua chako, maana niliondoka kinakohoa. Umekwenda zahanati au bado unakunywa tangawizi ya dada yako? Nijibu ukweli. Mie huku mzima, ila goti la kushoto, ambalo hata hapo Mtoni lilikuwa na maneno mengi, na huku milimani limepata mapya ya kusema. Chakula nakula, usingizi napata, baridi inanitafuta na inanipata.

Barua hii anakuletea Maganga, jirani yetu, dereva wa kambi, anayeshuka Dar na gari kuchukua spiriti na pamba. Usimpe chai kabla hajakukabidhi, maana Mnyamwezi akishashiba anasahau alichobeba. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na huwa napanda kile kilima kutafuta mtandao. Sababu unaijua. Wewe ukipigiwa simu unaweka spika, na ukiweka spika mtaa mzima unasikia, mpaka muuza mihogo wa pale kona anachangia. Jambo uliloniuliza si la kuchangiwa na muuza mihogo.

Jambo lenyewe sijalisahau. Wazee wa Shabani wanataka jibu. Barua yao ya posa, ile iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, ipo kabatini tangu kabla sijaondoka, na Mwanaidi wetu anapita mbele ya kabati hilo kila asubuhi akienda kwenye cherehani yake. Uliniambia kwenye simu kwamba hataki mwingine, na kwamba wale wazee wakikaa bila jibu mpaka mwezi uandame watajua wamekataliwa, watakuja kuchukua kitambaa chao. Kisha ukaniambia, "Baba Rajabu, wewe humkatai Shabani. Wewe unamkataa yeyote atakayemtoa Mwanaidi humu ndani." Hapo sikukujibu kwa sababu mtandao ulikatika. Niliukata mie.

Sasa tulia. Jibu limo humu humu, lakini huwezi kulifikia kwa kuruka kurasa. Nakujua. Rudi hapa, soma taratibu kama mtu mwenye adabu.

Kwanza nikueleze kazi, maana nasikia uliwaambia wenzako wa kikoba kuwa mumeo amekwenda kupikia watalii. Si watalii. Ni watu wa chuo, na wanakamata wanyama wadogo wanaonyonyesha: panya, popo, virukanjia, na sange, yule mwenye pua inayocheza kama kamkonga. Ukiuliza wa nini, Daktari Magreti, mkubwa wetu, anakujibu kwa upole kwamba wanataka kujua nani anaishi kwenye msitu huu, maana wengine hawajaandikwa mahali popote. Nikamwambia hata Mtoni wapo panya ambao hawajaandikwa, na kodi hawalipi, aje tu avae mabuti. Akacheka. Ni mama wa Bukoba, mkali wa kazi, lakini kila asubuhi ananipa shikamoo kama mie ndiye niliyemzaa.

Siku yetu inaanza jua halijatoka. Wanafunzi wake wanapita msituni kukagua mitego, visanduku vya bati vyenye mlango unaojifunga mnyama akikanyaga ndani. Wameviweka chini ya magogo na kwenye mizizi, na kila kimoja kina utepe mwekundu kwenye tawi ili kisipotee. Kwingine wamezika ndoo mpaka mdomoni, kirukanjia akipita anatumbukia. Jioni wanatandaza nyavu za popo, nyembamba kiasi kwamba mie mwenyewe nimenaswa siku naenda haja, ikabidi niite watu. Usimsomee mtu hapo.

Wakirudi, kila kitu kinahamia kwenye meza ndefu chini ya turubai. Mnyama anapimwa uzito, mkia, mguu na sikio, anafungwa namba mguuni. Baadhi wanaachiwa warudi kwao, na baadhi ndiyo safari yao imeishia hapo. Hao wanachunwa, ngozi inajazwa pamba, mkiani unaingizwa waya, tumbo linashonwa, halafu anapigwa pini kwenye ubao akauke amenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Bwana wa meza hiyo ni Denis, fundi wa ngozi. Mtu mkimya. Ukimsimulia kitu cha kuchekesha anakutazama mpaka wewe mwenyewe unaona hakikuwa cha kuchekesha.

Mie nilikuwa jikoni. Nasema nilikuwa, maana jikoni nimetolewa. Kaa vizuri, na usicheke kwa nguvu, utakohoa.

Kuna siku Denis alitengeneza chambo cha mitego. Alisaga karanga, akakaanga nazi, akatia na unga wa dagaa kidogo, akavichanganya kwenye ndoo ya bluu. Kwa kuwa mezani kwake siafu wamezidi, akaileta ndoo jikoni, akaiweka pembeni, akaondoka bila kusema neno, kama kawaida yake. Sasa Mama Rajabu, nihukumu wewe. Mie Mzaramo. Naingia jikoni nakuta karanga za kusaga na nazi, na kando yake fungu la mchicha limechambuliwa. Nifikirie nini? Nikashukuru Mungu na Denis, nikapika.

Chakula kile kilisifiwa. Daktari Magreti aliongeza. Wanafunzi waligombania sufuria, na Maganga ndiye aliyeilamba. Denis mwenyewe alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. Kulipokucha Denis akawa anazunguka, ananyanyua vitu, anavishusha. Ndoo nilishaiosha, nimeiinamisha juani. Akasimama mbele yake muda mrefu.

Daktari akaja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Mbwana, jana tulikula nini?"

Nikamwambia mchicha wa nazi na karanga, mama.

"Na karanga ulizitoa wapi?"

Nikamwonyesha ndoo. Akakaa kwenye jiwe, akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Kumbe anacheka. Alipopata pumzi akasema, "Basi jana tumenaswa sie wote." Siku ile visanduku vilikaa msituni vitupu, na Maganga akashushwa mjini kutafuta karanga nyingine, akinitukania ukoo wangu njia nzima kwa haki aliyonayo, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hashitakiwi.

Lakini Denis hakucheka. Alisema mtu asiyetofautisha chungu cha watu na cha panya asikae jikoni. Na kwa kuwa msaidizi wake alikuwa ameshushwa na malaria, akasema huyu mzee aje akae mezani kwangu, nimwone kwa macho yangu. Daktari akakubali. Maganga akawa mpishi. Tangu hapo tunakula ugali na maharage, kesho maharage na ugali.

Sasa fika hapa polepole, maana hapa ndipo Shabani anapoingia.

Denis alinipa kiwembe chao chembamba chenye mpini, lakini vidole vyangu unavijua, vimezoea chaga za kitanda na nyundo. Kiwembe kilipotea mkononi kama sindano. Nikaenda jikoni nikachukua kisu changu cha kukatia vitunguu. Unakijua. Ni kile alichoniletea Shabani siku ile alipokuja kwetu na mjomba wake.

Unakumbuka alivyokuja. Wewe alikuletea khanga doti mbili ukatabasamu mpaka magego. Mie akaniletea kisu kidogo kwenye ala ya ngozi aliyoshona mwenyewe, makali yake ameyanoa mwenyewe. Nikajisemea, mkwe gani huyu anamletea mkwewe kisu, anataka nijichinje nimpishe? Na marashi. Alikuwa amejimwagia marashi mpaka paka wetu akahamia kwa jirani. Chini ya marashi yale harufu ya machinjio ya Vingunguti ilikuwa palepale, imekaa, haina wasiwasi. Mie nikainuka nikafungua dirisha. Halafu nikafungua na la pili. Yule kijana akatazama mikono yake, akaificha chini ya mapaja. Nikamwuliza kazi yake hasa ni ipi huko.

Akasema, "Nachuna, mzee. Ngozi ikitoka mkononi mwangu haina tobo."

Mie nikakugeukia wewe nikakuuliza kama chai imeiva. Ukanitazama lile jicho lako, na mpaka naondoka hukuwa umelirudisha mahali pake. Kisu nikakichukua huku, kwa ajili ya vitunguu tu, usidhani kingine.

Basi nikakaa nacho mezani. Panya wa kwanza nikamtoboa kwapani. Denis hakunigombeza. Alichukua ile ngozi, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole chake kwenye tobo, akakichezesha upande wa pili ili nikione vizuri. Wa pili nikamkata mkia. Mkia wa panya, mke wangu, unavuliwa kama soksi ya mtoto aliyelala. Ukivuta kwa hasira unabaki na nusu mkononi, na nusu nyingine inakucheka. Siku zile zote nilikuwa natoboa, Denis anachezesha kidole. Nikaanza kukichukia kile kidole.

Mie nilidhaniaga kuchuna ni kuchana. Kumbe kisu hakifanyi kitu kikubwa, kazi ni ya kidole gumba, kinasukuma pole pole kati ya nyama na ngozi, na kisu kinagusa pale tu panapokatalia. Kikiwa butu unabonyeza, na ukibonyeza umeshaharibu. Kile kisu hakikunibonyezesha hata mara moja. Nikawa najiuliza mtu anakaa na jiwe muda gani mpaka makali yawe hivi, na anakaa nalo akimfikiria nani.

Siku moja alasiri tukapata sange. Ngozi yake ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Denis akanisogezea, mwenyewe akainuka akaenda kunywa maji, nadhani hakutaka kuona. Nilimaliza jua limeshapita upande wa pili wa turubai. Akarudi, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena. Kidole alikuwa amekiandaa, nilikiona. Akakishusha.

"Haina tobo," akasema.

Mama Rajabu, nimekuoa wewe, nimezaa nawe, nimejenga nyumba Mtoni wakati watu wanasema pale ni maji tu, na sijui kwa nini neno dogo lile lilinifanya niende nyuma ya turubai nikajifanya napiga chafya. Nilikaa huko kidogo. Ndipo nikakumbuka nililisikia wapi neno hilo, na mie nililijibu nini.

Lakini usidhani nililainika hapohapo. Unanijua. Nikasema, kazi ni kazi sawa, lakini harufu? Mwanangu alale na harufu ile?

Ijumaa iliyofuata nikaomba nishuke kijijini kuswali. Nilioga kwa sabuni ya mche, nikajisugua kwa majivu, nikajipaka ndimu, nikavaa ile kanzu uliyoniwekea ndani ya mfuko wa nailoni. Nikaingia kwenye gari nimekaa mbele kama sheikh. Maganga akawasha gari. Mbele kidogo akashusha kioo chake. Kisha akaegemea akashusha changu. Kisha akasimama kabisa, akaenda nyuma akavishusha vya nyuma. Na manyunyu yalikuwa yanaingia.

Nikamwuliza anafungua madirisha ya nini na mvua hii.

"Mzaramo," akasema, "unanuka panya, spiriti, na kitu kingine ambacho bado hakijapewa jina. Bora nilowe."

Sasa mtani akikuchokoza hivyo unatakiwa umrudishie kubwa zaidi. Ninalo, nimelitunza tangu mwaka juzi, linahusu babu yake na mzigo wa watu. Halikutoka. Niliona aibu, mke wangu, mie mtu mzima, kwenye kanzu safi. Nikaona kichupa cha marashi kwenye sehemu yake ya kuwekea vitu, nikakichukua, nikajimwagia shingoni, kifuani, mikononi, mpaka kikaisha.

Maganga akanitazama, akavuta hewa puani. "Sasa unanuka panya anayekwenda harusini."

Akacheka peke yake mpaka karibu atutoe barabarani. Akaona mie sicheki. Akaniuliza kama nimekasirika, wakati mtani hakasiriki.

"Sijakasirika," nikamwambia. "Nimemkumbuka mtu."

Njia nzima nilikuwa nimeweka mikono yangu chini ya mapaja. Niligundua tulipofika msikitini, wakati wa kushuka. Na kwenye safu, mzee wa pembeni yangu aliniachia nafasi kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa adabu zake zote. Harufu hii haitoki, Mama Rajabu. Inakaa chini ya kucha, inangoja uoge, halafu inarudi kukuamkia.

Haya. Umefika. Kama umeruka kurasa, basi hesabu kuwa hujapata ruhusa yangu, rudi nyuma.

Jibu ni ndiyo.

Lakini kwanza muulize Mwanaidi, mlango umefungwa, dada yako hayumo, simu imezimwa. Mwambie baba yako anauliza, je, ni huyu? Asikie swali likitoka kwangu. Akisema ndiyo, fungua kabati, toa kile kitambaa, kifue, kipige pasi, wafungie humo jibu lao. Kaka yangu wa Mbagala awapokee wazee kwa niaba yangu, ila mwambie kupokea tu. Asianze kujifanya baba. Nikaha ingoje nirudi, mkono wa kumwozesha mwanangu ni huu wangu, hata ukinuka. Habari ya mahari aiseme Mwanaidi mwenyewe, ni yake, sie tusitie neno.

Mie masharti yangu ni haya. Akija Shabani, aje bila marashi. Nikisikia marashi, posa imevunjika hapohapo na ninamrudisha Vingunguti na mjomba wake. Aje kama anavyotoka kazini, akae kwenye kile kiti changu, mikono juu ya meza. Na aje na jiwe lake la kunolea. Kisu chake kimefanya kazi, kimeanza kuchoka, na mie nikikinoa nakiharibu. Anionyeshe. Na ile nyumba anayojenga Chamazi iwe na kibanda cha nje, na kitanda, ili nikigombezwa Mtoni niwe na pa kwenda.

Na lile uliloniambia mtandao ukakatika. Umepatia. Ile cherehani yake nimezoea kuamka nayo kuliko hata adhana, Mungu anisamehe. Nitazoea kutoisikia. Sehemu hii usimsomee mtu.

Sie huku tumebakiza kazi kidogo. Meza ikifungwa, ngozi zote zitapangwa kwenye masanduku ziende chuoni, na sange wangu atakuwamo, amelala kwenye droo na namba yake, hana tobo. Denis ameniambia nikitaka nirudi nao safari nyingine. Nimemwambia nitamwuliza mke wangu. Akaniambia, "Ulimwuliza safari hii?" Yule mtu kumbe anaweza kuchekesha.

Msalimie mwanetu Rajabu, mwambie mama yake si wa kutumiwa salamu kwa meseji kila siku, aje akae. Msalimie mkwe wetu, mke wa Rajabu, na wajukuu zangu, yule mkorofi msalimie mara mbili. Wasalimie kaka yangu wa Mbagala na mkewe. Msalimie na shemeji yangu dada yako, mwambie nampenda sana akiwa kwake. Muuza mihogo naye mpe salamu, mwambie safari hii hamna cha kuchangia. Na Mwanaidi usimsalimie, wewe muulize tu nilichokuambia, salamu zangu zimo humo.

Kanywe dawa ya kifua. Nikirudi nitakuwa bado nanuka. Nitaoga huku, nitaoga njiani, na nitaoga tena hapo nyumbani, na haitasaidia kitu.

Usifungue dirisha.

Mie mumeo,
Mbwana, Baba Rajabu